Masika ya Kwanza ya Mheshimiwa

Novemba 11

Leo mke wangu ameapishwa kuwa mbunge. Nilitazama kwenye televisheni ya dukani kwa Christopha, pale mji mdogo wa Kate, nimebanwa katikati ya magunia ya mbolea na nusu ya watu wa kijiji chetu cha Chalamba. Jina lake liliposomwa, Marsiana, kelele zilikuwa nyingi hata sikusikia kiapo chenyewe. Niliona midomo tu. Alivaa gauni la kijani ambalo sijawahi kuliona. Nimelifikiria gauni hilo njia nzima ya kurudi: alilishona lini?

Tulifundisha shule moja, yeye Hisabati, mimi Kiswahili. Alipogombea udiwani aliacha chaki, nikadhani ni kwa muda. Sasa ni jimbo zima, kuanzia huku juu kwenye mahindi na ulezi mpaka chini ziwani. Nimeamua kuandika masika haya yote kwa sababu nataka kujua kitu kimoja. Mtu akipewa cheo, ni nini hasa kinachobadilika kwanza? Watu wanabishana kuhusu hilo vilabuni bila ushahidi. Mimi naishi naye nyumba moja, nina nafasi ya kuona.

Novemba 14

Mvua ya kwanza, na mawe. Nimepanda shamba la nyumbani.

Novemba 25

Marsiana alifika juzi. Tangu alfajiri uani pamejaa watu: mwenye mgonjwa, mwenye kijana aliyekosa chuo, mwenye kesi ya mpaka. Nilikaa jikoni nikimtazama kupitia dirishani. Kila mtu akimaliza kueleza, anamwambia, "Hebu nirudie kwa ufupi, shida yako ni nini?" Ndivyo alivyokuwa akiwafanyia watoto wa darasa la nne kwenye mafumbo ya hesabu. Wengi wakirudia, shida inabadilika. Mama mmoja alikuja kuomba bati, aliporudia akasema mumewe amemkimbia.

Amekuja na katibu wake, Enock, mtu wa Majengo kule Sumbawanga mjini. Anavaa viatu vyenye ncha na simu haimtoki mkononi. Aliniambia, "Mambo vipi, baba mbunge?" Kisha akaona sura yangu. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia marahaba. Sijampenda.

Desemba 3

Mvua. Nimepalilia.

Desemba 16

Leo wamekuja pamoja watu wawili ambao kwa kawaida hawaketi benchi moja. Mzee Polikarp, mwenyekiti wetu wa kijiji, mlezi wa kwaya parokiani, ambaye mashamba yake makubwa yako ng'ambo ya Mto Mpwasi. Na Masanja, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga na jamaa zake, wanaoishi ng'ambo hiyohiyo. Wamegombana kwa ng'ombe na mahindi tangu siku ile Masanja alipofika. Leo wana neno moja: daraja.

Mpwasi wakati wa kiangazi unauvuka bila kulowa magoti. Masika ukijaa, anayetaka kuvuka anazunguka kwa juu, karibu kutwa nzima. Watoto wa ng'ambo hawaji shule mpaka mvua iishe. Mwaka jana binti wa Masanja, Debora, alijaribu kuvuka akachukuliwa na maji, akanaswa na matete kwenye kona. Marsiana alikuwa diwani wakati huo. Ndiye aliyeingia majini na kamba kiunoni, mimi na wengine tumeishika. Nadhani kura zake nyingi za huku alizipata siku hiyo, ingawa mwenyewe hataki lisemwe hivyo.

Mzee Polikarp alisema, "Mwanangu, sisi hatukuombi mambo makubwa. Uliahidi pale uwanjani, tukapiga makofi."

"Nakumbuka, baba."

Masanja alikuwa amekaa na fimbo yake magotini. "Mheshimiwa, mimi huyu mtoto nimepewa mara ya pili. Mara ya tatu sijui kama ipo."

Marsiana akamjibu, "Daraja la Mpwasi ni la kwangu. Msihangaike kumwuliza mtu mwingine."

Walipoondoka nilimwuliza kama ana hakika. Akasema hana. "Sasa kwa nini umesema vile?" Akanigeukia. "Baba Modesti, ungewajibuje wewe?"

Desemba 25

Krismasi. Mwanetu Modesti yuko likizo kutoka bweni, amenipita urefu. Mama yake alipigiwa simu katikati ya chakula na hakurudi mezani.

Januari 13

Shule imefunguliwa. Mto umejaa. Darasani kwangu madawati ya nyuma ni matupu, yale ya watoto wa ng'ambo. Mapumziko nilishuka mtoni. Debora alikuwa amesimama upande wa pili na sare yake, mkoba kichwani. Nilimpungia arudi nyumbani. Hakurudi mpaka mimi nilipoondoka.

Januari 19

Enock amepiga simu akishangilia. Wizara imekubali mradi mmoja wa dharura kwa jimbo letu, masika haya haya. Mmoja tu, na mbunge ndiye atakayeutaja. "Mwalimu, daraja hilo limeiva!" Kabla ya jioni Chalamba nzima ilikuwa na habari. Mzee Polikarp alikuja kunipa mkono kana kwamba mimi ndiye ninayejenga.

Januari 26

Naandika nikiwa nimechoka, lakini nikiacha hadi kesho nitaanza kupamba.

Marsiana alikuwa na ziara ya Wampembe, ziwani, akaniomba nimsindikize. Miaka yote hii sijawahi kushuka kule wakati wa mvua. Tulikuwa sisi wawili, dereva na Enock. Juu kulikuwa na ukungu na baridi, kila mtu kajifunga koti. Tulipoanza kushuka ukuta wa bonde, joto likaanza kupanda na barabara ikaanza kupotea. Sisemi mbovu, nasema kupotea. Mahali pengine palikuwa na mfereji, pengine mawe matupu, pengine mti umelala. Kwenye kona moja gari likazama upande mmoja mpaka mlangoni, likakataa.

Tulikuwa tunakata matawi ya kuweka chini ya magurudumu tuliposikia watu wanapanda. Wanaume kama kumi hivi, wamebeba kitanda cha kamba mabegani, wanapokezana bila kusimama. Juu yake mwanamke amefunikwa kitenge. Mbele anatembea nesi wa zahanati, Herieth, hana viatu, ameshika chupa ya maji ya dripu juu kama taa. Walikuwa wametoka ziwani tangu usiku. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, na zahanati haina upasuaji. Mashua isingefaa, ziwa lilikuwa limechafuka.

Herieth aliliona gari kwanza, uso wake ukafunguka. Kisha akaona lilivyozama, ukafunga tena. Hakutukana, hakulia. Alisema tu, "Basi tuendelee."

Marsiana akavua viatu, akaenda kushika chupa ile ili Herieth aweze kumhudumia mama mikono miwili. Hakuna aliyemtambua kuwa mbunge, na yeye hakusema. Enock alivua shati lake la mjini akaliweka begani, akaingia chini ya kitanda mahali pa mzee mmoja aliyeishiwa pumzi. Viatu vyake vya ncha vilibaki kwenye tope, akapanda peku. Mimi pia nilishika. Mlima ule sitausahau. Mama yule, nilisikia wakimwita Kristiana, alikuwa akiomba radhi kila tukitikisika. Anatuomba radhi sisi.

Tulipofika juu, gari la padre lilikuja kumchukua kwenda hospitali. Jioni, tukiwa tumesharudi nyumbani, Herieth akapiga simu kwa namba tuliyomwachia. Mama yu hai. Mtoto hapana.

Marsiana aliipokea simu akiwa amesimama uani. Akasema, "Asante, sista. Pole sana." Kisha akamwuliza, "Mwaka jana wangapi?" Akasikiliza jibu. Hakuniambia aliambiwa nini. Nilimtengenezea maji ya kuoga, akaoga, akalala bila kula. Mimi niko hapa najiuliza kama anafikiri ninachofikiri.

Januari 28

Amekwenda Dodoma, Bunge limeanza. Hakutaja mradi. Nami sikuuliza. Ni ajabu, maana mimi ni mtu wa kuuliza.

Februari 4

Nilikuwa kibarazani kwa Mzee Polikarp, redio iko mezani, pombe ya ulezi imemiminwa kwa ajili ya kusherehekea. Mke wangu akapewa nafasi. Aliisimulia barabara ya Wampembe toka kona hadi kona, akasimulia kitanda cha kamba, akaomba mradi wa dharura wa jimbo lake uwe mteremko ule.

Mzee Polikarp aliendelea kusikiliza kana kwamba kuna sehemu ya pili. Waziri akajibu kuwa amepokea. Mzee akazima redio taratibu.

"Mwalimu, ulijua?"

"Sikujua, mzee."

"Mkeo, na hukujua?"

"Sikujua."

Alinitazama kwa namna ambayo sijui ni hasira au huruma. Kisha akachukua kikombe changu, bado kimejaa, akakirudisha ndani.

Nilimpigia Marsiana simu njiani, mvua inaninyeshea. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ningekuambia, ungeniuliza maswali. Na maswali yako mazuri, Baba Modesti. Ningebadili mawazo." Nilikata simu. Sijawahi kumkatia simu.

Februari 6

Hakuna aliyekuja kuomba chochote uani. Maziwa tuliyozoea kuletewa hayajaletwa.

Februari 9

Mwalimu mkuu kanishauri nisipite sokoni kwa sasa. Nimepita. Mama mmoja aliniuzia maharage bila kusema neno, akanirudishia chenji kwa kuitupa juu ya mkeka.

Najaribu kuwa mwadilifu katika kuandika. Nina hasira na mke wangu kwa kuwa alinificha, na najua alichochagua ni sawa, na najua Debora amesimama ng'ambo na mkoba kichwani. Mambo yote matatu ni kweli kwa wakati mmoja. Mtu anayefanya kazi yake lazima achague moja la kulisema kwenye kipaza sauti. Nadhani hilo ndilo linalobadilika kwanza. Siyo gauni.

Februari 15

Masanja amezunguka kwa juu, kutwa nzima, kuja kuniona. Amefika amelowa. "Mwangaluka, mwalimu," alinisalimu kwa Kisukuma chake kama kawaida, salamu ya asubuhi, ingawa jua lilikuwa linazama. Nikampa uji wa moto. Akasema hakuja kugombana, amekuja kuelewa. "Watu wanasema amehongwa na watu wa ziwani. Mimi nimemwona akiingia kwenye maji kwa ajili ya mtoto wangu. Siwezi kuamini mpaka niambiwe."

Nikamsimulia kitanda cha kamba. Kila kitu, mpaka lile la mama kuomba radhi. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza, aliweka kikombe cha uji chini.

"Ningekuwa mimi, ningefanya kama yeye," akasema. Kisha akainua macho. "Na wetu je?"

Nikamwongezea uji. Akalala kwetu, alfajiri akaondoka.

Februari 22

Mkutano wa hadhara, uwanja wa shule. Marsiana alifika kwa gari hadi getini, akashuka, akatembea katikati ya watu waliokuwa hawampigii makofi. Nilikuwa nimekaa na walimu, si mbele. Hatujazungumza vizuri tangu siku ya simu.

Nilifikiri ataanza kwa siasa: maendeleo, subira, awamu. Alisimama akasema, "Niliwaahidi daraja. Nikapata nafasi ya kulileta, nikaipeleka kwingine. Sikusahau na sikukosea. Nilichagua. Nimekuja mniulize."

Mzee Polikarp alisimama. Alisema vizuri, lazima nikiri, alisema kuliko wote. "Sisi tulikutoa hapa. Ulipokuwa huna gari, uliendesha baiskeli yangu kwenye kampeni. Watu wa ziwani walimpigia mwenzako. Leo unawapa wao. Sasa nieleze, mwanangu, mtu akupigie kura kwa faida gani?"

Watu waliguna. Marsiana akamjibu. "Baba, kura yako ilinifanya niwe mbunge wa wote. Hukuniambia hivyo siku ile, na mimi sikukuambia. Tulifichana."

"Mimi sikuficha kitu!"

"Basi niliyeficha ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Ndipo Masanja, akiwa nyuma kabisa na wafugaji wenzake, akauliza bila kusimama. "Mheshimiwa, sisi tumesikia ya huko. Mungu awape nguvu. Swali langu ni dogo. Watoto wetu watakaa nyumbani mpaka lini?"

Hapo alikwama. Nilimwona. Nimemfahamu tangu tukiwa chuo cha ualimu na sijawahi kumwona akikosa neno mbele ya watu. Enock alikuwa anamnong'oneza kitu, akamzuia kwa mkono. Akasema, "Sijui, Masanja. Daraja, mwaka kesho nitaomba tena, lakini kwa watoto, kwa masika haya, sijui."

Sikupanga kusimama. Naandika hivyo kwa sababu tayari watu wanasema tulipanga. Nilijikuta nimesimama, nikasema kwamba mto unazuia watoto wadogo kuvuka kila siku, lakini haumzuii mtu mzima mmoja kuzunguka kwa juu na kubaki huko. Kama akina Masanja watanipa mahali pasipovuja, na mwalimu mkuu akiridhia, nitafundisha ng'ambo mpaka maji yapungue.

Mtu akapaza sauti, "Anamtetea mkewe!" Nikamjibu kwamba mke wangu nina ugomvi naye, aulize wanaotujua. Hapo wakacheka.

Mzee Polikarp hakucheka. Alikuja kwangu mkutano ulipokwisha, akaniambia kwa Kifipa, kwa upole, kwamba mimi ni mtu mwema na kwamba uchaguzi ujao atatafuta mgombea mwingine. Nikamshukuru kwa yote mawili.

Februari 23

Tulipokuwa tunakunywa chai Marsiana alisema, "Ungeniambia kwamba unafikiria hivyo." Nikamjibu, "Ungeniuliza maswali." Tukatazamana. Halafu tukazungumza mpaka chai ikaisha na nyingine ikachemshwa.

Machi 3

Ng'ambo. Kibali kimetoka, tunaitwa darasa shikizi, yaani tawi la muda la shule yetu. Darasa ni banda la Masanja la kuhifadhia mahindi, limesafishwa. Viti ni magogo. Mvua ikizidi, sisikiki kwa kelele za bati, tunaandika tu.

Machi 11

Debora anasoma haraka kuliko nilivyojua. Ana swali kwa kila sentensi. Jana aliniuliza kwa nini "mto" wa maji na "mto" wa kulalia ni neno moja. Nikampa jibu la mwalimu: nitakuambia kesho.

Machi 12

Bado sijui.

Machi 27

Wamekuja wazazi wawili wa Kifipa wanaoishi kwenye mashamba yao huku, mbali na banda, wameleta watoto wao wakae kwa ndugu walio karibu mpaka mto upungue. Kwa hiyo darasa sasa lina watoto wa wafugaji na wa wakulima kwenye gogo moja. Nilitazamia vurugu. Ugomvi pekee mpaka sasa ni nani akae mbali na mahali panapovuja.

Aprili 8

Homa. Mke wa Masanja amenitunza kama mwanawe.

Aprili 19

Nimepanda kilima kutafuta mtandao. Herieth alikuwa ametuma ujumbe: mitambo imefika kwenye mteremko, wanachimba mifereji na kumwaga mawe. Kona iliyotukamata imekatwa, imekuwa pana. Kristiana amepona, amerudi kukausha dagaa. Nikaisoma mara nyingi. Nilitaka kumwambia mtu, nikamwambia Masanja. Akauliza, "Gari limeshapita?" Nikasema bado. "Likipita uniambie."

Aprili 30

Mvua inapungua. Asubuhi ukungu.

Mei 17

Marsiana amekuja. Mto umeshuka, amevuka kwa miguu, sketi kaishika mkononi, Enock nyuma yake na mabuti ya mpira. Nilikuwa katikati ya somo la barua rasmi. Akaingia, akakaa kwenye gogo la nyuma, pembeni ya mtoto mdogo ambaye alimsogezea daftari ili washirikiane. Sikusimamisha somo. Ilikuwa vigumu.

Baadaye tulitembea kando ya mashamba, mahindi yakiwa yameanza kukauka. Alinieleza mambo ya Dodoma. Barabara ya Wampembe imepitisha gari la wagonjwa mara ya kwanza katika masika. Daraja la Mpwasi limeingia kwenye makisio ya bajeti, lakini makisio si daraja. Mzee Polikarp ameshapata mgombea wake, mfanyabiashara mmoja wa mjini, na tayari anapita nyumba kwa nyumba.

"Unaogopa?" nikamwuliza.

"Kidogo. Zaidi nataka kujua itakuwaje." Akacheka. "Nimekuwa kama wewe."

Tukaenda tena hatua kadhaa. Kisha akasema, bila kunitazama, "Kura ingepigwa kesho, ungenipa?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo, kama mume. Sikusema. Nikafikiri. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui bado. Kwamba nataka kwanza nimwone akija huku pasipokuwa na mkutano, na nimsikie akiutaja mto huu kwenye redio kama alivyoutaja mlima ule.

Alisimama. Nilidhani nimemwumiza. Alinigeukia, akanitazama usoni kwa makini, kama anavyowatazama wale wa uani akisubiri warudie shida yao kwa ufupi. Tangu Novemba nimekuwa nikimchunguza, na leo ndiyo mara ya kwanza naona amegundua kuwa mimi pia ninaweza kumnyima kitu.

"Sawa, mpiga kura," akasema. "Nitarudi kuomba."

Akarudi kuelekea bandani, ambako Debora alikuwa anamngoja mlangoni na swali.